AC inapuliza moto? Usikimbilie gesi!

Ikishaingia miezi ya kaskazi, Desemba mpaka Machi, jiji letu la Dar halina mchezo na mtu. Saa tatu asubuhi jua limeshanuna, shati ulilopiga pasi kwa mbwembwe limegandana na kiti, na yule mrembo uliyempa lifti anajipepea na bahasha huku akikuangalia kwa jicho la huruma. Wewe unazuga kuongeza sauti ya redio.

Basi msimu huu, kila nikikaa kijiweni, harusini na hata msibani (ndiyo, msibani, watu hawana soni), swali ni lile lile: "Kaka, gari yangu ya zamani, nikiwasha AC inapuliza hewa ya moto utadhani hita. Eti nikajaze gesi?"

Jibu langu huwa fupi. Usijaze kitu mpaka ujue kwa nini!

Mwenye gari jipya la kwenye karatasi anaweza kufungua ukurasa wa nyota na mapenzi, sina ugomvi naye. Leo nazungumza na sisi wenye Corolla, Carina, Starlet, Mark II na ndugu zao, yale magari ambayo yamekula chumvi nyingi Japani kabla hayajaja kula vumbi la kwetu. Mikweche, ndiyo, lakini ndiyo inayotupeleka kazini.

Tuanze na jambo ambalo likikuingia kichwani, kuingizwa mjini na mafundi matapeli itakuwa shida. Gesi ya AC siyo petroli. Haiungui, haitumiki, haiishi kwa kutembea. Ni ile ile inayozunguka ndani ya mabomba siku zote. Kompresa inaisukuma kwa nguvu mpaka inakuwa ya moto sana, inapita kwenye kondensa, ile rejeta nyembamba iliyo mbele ya rejeta ya maji, inapoa na kuwa majimaji, inachujwa unyevu, halafu inapenyezwa kwenye kitundu kidogo cha vali. Ikishatoka hapo inatanuka ghafla ndani ya kipoozeo kilichofichwa nyuma ya dashibodi, inakuwa baridi kali na kunyonya joto la ndani ya gari. Kisha inarudi kwenye kompresa, mduara unaanza upya. Yale maji unayoyaona yanadondoka chini ya gari ukiegesha baa ni unyevu wa hewa uliogandia kwenye kipoozeo. Ni dalili ya afya, usimwite fundi.

Sasa kama gesi inazunguka tu, imepunguaje? Imevuja. Hakuna jibu lingine. Kwa miaka mingi sana inaweza kupungua kidogo kidogo kupitia mipira na oringi zilizochoka, hiyo tunaisamehe. Lakini aliyejaza mwezi uliopita na leo anapuliziwa moto tena, huyo ana tundu. Kumjazia bila kuliziba ni kumwaga maji kwenye pakacha.

Yamemkuta binamu yangu. Anaendesha teksi ya mtandao, gari si lake, kila Jumamosi anapeleka hesabu kwa mwenye gari, na wana mkataba kwamba akimaliza miaka miwili bila kukosa hesabu, gari linakuwa lake. Kijana ana mke na mtoto mchanga, kwa hiyo huo mkataba ndio maisha yake. AC ikaanza kupuliza moto. Wateja wakaanza kumpa nyota mbili mbili. Mama mmoja alishuka katikati ya safari, akamwambia kuwa kama angetaka kupikwa angebaki jikoni kwake.

"Braza, nimeshajaza gesi mara tatu ndani ya miezi miwili," akaniambia siku alipokuja kwangu, uso umemshuka. Kila mara wekundu wa Msimbazi watano wanamtoka, kila mara ubaridi unadumu wiki na siku mbili tatu. Hesabu ya wiki mbili alishakopa. Na gereji ile ile iliyomjazia mara tatu sasa inamwambia kompresa imekufa, alete laki kadhaa.

Tukachukua ndoo, maji na sabuni ya unga. Ndiyo, sabuni ya unga, kama fundi baiskeli anayetafuta pancha. Fundi mwenye akili zake akasukuma naitrojeni kwenye mfumo, tukapaka povu kila maungio. Nyuma ya bampa ya mbele, bomba la alumini lilikuwa limekaa likisuguana na kishikio cha chuma kilicholegea, sijui tangu enzi zipi. Povu likachemka pale kama uji. Tundu dogo kuliko ncha ya sindano! Pembeni yake kulikuwa na doa la mafuta lililoshika vumbi, ambalo kila aliyefungua boneti alikuwa na uwezo wa kuliona kama angetaka. Bomba likachomelewa kwa fundi wa alumini, oringi mpya, kishikio kikafungwa, gesi ikapimwa na kuwekwa. Kompresa waliyosema imekufa ndiyo inayomfanyia kazi mpaka ninavyoandika hapa, na hesabu anapeleka.

Hilo doa la mafuta likumbuke. Kompresa inalainishwa na mafuta maalumu yanayosafiri pamoja na gesi. Gesi ikipenya mahali, mafuta nayo yanatoka kidogo, vumbi linanata. Tazama maungio yote, uso wa kondensa, na mbele ya kompresa kwenye shafti. Macho yako hayalipiwi.

Sasa twende kwenye kupima, maana si kila hewa ya moto ni gesi. Mengine ni vitu vya kijinga kabisa.

Fungua boneti, washa injini, mwombe mtu akae ndani abonyeze AC na feni ya ndani aiweke namba ya juu. Wewe simama mbele, tai au mtandio weka mbali, nywele za kusuka zifunge, maana mkanda unaozunguka hauna mswalie mtume. Sikiliza. Unatakiwa usikie "tak!" na uone ile sahani ya mbele ya kompresa inaanza kuzunguka pamoja na puli. Hiyo ndiyo klachi imeshika. Puli peke yake huzunguka muda wote injini ikiwaka, isikudanganye.

Hakuna "tak"? Basi kompresa haijapewa kazi, na sababu inaweza kuwa ya senti chache. Anza na fyuzi. Halafu rilei, ile boksi ndogo nyeusi. Mara nyingi kwenye boksi hilo hilo la fyuzi kuna rilei nyingine yenye namba zile zile, labda ya honi, zibadilishane uone. Halafu waya unaoingia kwenye klachi, kama umekatika au una kutu. Kama vyote viko poa, huenda swichi ya presha imekata umeme makusudi kwa sababu gesi imepungua sana. Swichi hiyo ni mlinzi. Akitokea mtaalamu wa mtaani akakwambia "ngoja nipige dairekti tuone", mwache aone kwa sekunde tu, wala asifunge boneti na kukuacha uende zako hivyo. Gesi ikiwa haipo na mafuta hayazunguki. Kompresa inayokaushwa namna hiyo inajisaga yenyewe, na hapo ndipo shida ya noti mbili inageuka ya laki nne.

Kuna na ile klachi yenye visa: asubuhi inashika, mchana gari likishapata moto inagoma, jioni inashika tena. Fundi atakwambia gesi. Sikubaliani naye. Kwenye magari ya zamani sahani ya klachi inalika, ule mwanya kati yake na puli unatanuka, na koili ikipata joto sumaku yake inalegea, haina nguvu tena ya kuivuta sahani. Mwanya unaotakiwa ni kadiri ya nusu milimita. Kompresa nyingi zina washa nyembamba ndani. Fundi akipunguza washa moja, mwanya unarudi, kazi imekwisha. Ukitaka kuhakikisha kabla ya kulipa, ikigoma mchana fundi aisukume ile sahani kidogo kwa mpini wa mti mrefu. Ikishika na ubaridi ukaja, umempata mchawi wako.

Na ikiwa inashika na kuachia, tak, tak, tak, kila baada ya sekunde chache? Hapo mara nyingi ni kweli gesi ni ndogo. Inashika, presha inaanguka, swichi inakata, presha inapanda, inashika tena. Rudi kwenye ndoo na sabuni.

Tuseme "tak" imesikika na kompresa inazunguka vizuri, lakini bado unapuliziwa moto. Baada ya dakika tano hivi tafuta lile bomba nene linaloingia kwenye ukuta unaotenganisha injini na dashibodi. Liguse. (Bomba linalotoka kwenye kompresa kwenda mbele usiliguse, litakubabua.) Hilo nene linatakiwa liwe baridi na linatoka jasho kama chupa ya soda. Likiwa hivyo, shangilia! AC yako ni nzima kabisa, anayekuharibia ni hita.

Mnashangaa? Magari haya yametengenezewa nchi yenye theluji. Ndani ya dashibodi, nyuma ya kipoozeo, kuna rejeta ndogo ya hita inayopita maji ya moto ya injini. Kati yao kuna kilango kinachochanganya hewa. Ukizungusha kile kitufe chenye rangi nyekundu na buluu, unavuta waya au unaendesha mota inayofungua kilango hicho, na kwenye magari ya zamani mara nyingi waya mwingine unafunga bomba la maji ya hita. Waya ukichomoka kwenye kishikio chake, kitufe kitasema buluu huku kilango kimekaa nyekundu. Unapoza hewa kwa AC, halafu unaipasha kwa hita, halafu unakwenda kujaza gesi! Chungulia chini ya dashibodi mtu akizungusha kitufe, uone kama kuna kitu kinacheza. Injini ikiwa imepoa, fundi anaweza pia kuubana mpira wa maji unaokwenda kwenye hita kwa kibanio kisichokuwa na meno, halafu mkawasha na kuendesha. Ubaridi ukirudi, mmemaliza ubishi. Waya unarudishwa kwa bisibisi na uvumilivu.

Halafu kuna ugonjwa ambao Dar es Salaam unapaswa kupewa uraia. Barabara ikiwa wazi, AC inapiga baridi mpaka unaomba shuka. Ukikwama kwenye foleni dakika kumi tu, moto! Foleni ikifunguka, baridi inarudi. Dada mmoja ninayemfahamu, mfanyakazi wa ofisi mjini, mwenye Mark II anayoipenda kuliko mchumba wake, aliambiwa gereji fulani kuwa hiyo ni kompresa "imechoka, ikipata mzigo inakata tamaa". Akaandikiwa bei. Alikuwa tayari ameanza kuzungumza na watu wa mkopo wa wiki, ile mikopo ambayo ukichelewa wanakuja kuchukua hadi pazia.

Nikamwomba awashe AC pale pale kwenye maegesho, nikatazama feni za mbele. Moja inazunguka, ya pili imelala fofofo. Basi! Kondensa inategemea upepo. Gari likitembea, upepo wa njiani unatosha. Likisimama, ni feni tu. Feni ikifa, gesi haipoi, presha inapanda, ubaridi unakwisha, na ukiendelea hivyo kompresa yenyewe inaumia, wakati mwingine injini nayo inapandisha joto. Tulikwenda Kariakoo upande wa Gerezani kutafuta mota ya feni iliyotumika, tukaijaribu kwa betri kabla ya kulipa, ikafungwa siku hiyo hiyo. Bei yake, ukilinganisha na kompresa, ni aibu hata kuitaja. Mkopo akaachana nao.

Kama feni zote zinafanya kazi na tabia ni hiyo hiyo, tazama kati ya kondensa na rejeta ya maji. Utakuta majani, manyoya ya kuku, mifuko, udongo mwekundu wa safari ya Krismasi kijijini. Osha kwa maji yenye nguvu ya wastani, mpira wa bustani unatosha. Mashine ya kuosha magari ikisogezwa karibu inalaza vile vipezi vya alumini, ukaharibu zaidi. Kwa wanaoishi karibu na bahari, hewa ya chumvi inaila alumini taratibu, kwa hiyo kondensa inayobomoka bomoka ukiigusa imeshakwisha, usiilaumu gesi.

Upepo dhaifu nao una mambo yake. Baridi ipo lakini haifiki: kichujio cha hewa ya ndani kimeziba, kwa magari yaliyo nacho, na mara nyingi kiko nyuma ya droo ya abiria. Nilishachomoa kimoja kilichokuwa na manyoya ya panya na tiketi ya mpira. Na ile inayoanza baridi safi, baada ya nusu saa upepo unapotea kabisa, ukizima dakika kumi inarudi? Kipoozeo kimeganda barafu. Hapo kihisio cha ubaridi kinaweza kuwa kimekufa, au gesi imepungua, au unyevu umeingia kwenye mfumo na kuganda kwenye kile kitundu cha vali.

Haya, sasa umepima yote na imethibitika gesi imevuja, tundu limeonekana, limezibwa. Ndipo tunakwenda kujaza, na hapa ndipo penye usanii mwingi, hivyo fungueni macho.

Mtu akija na mtungi na mpira mmoja, akachomeka na kuanza kupuliza, mwambie asante, funga boneti. Jambo la kwanza ni pampu ya kuvuta hewa, ivute angalau nusu saa. Inatoa hewa na unyevu. Hewa ikibaki ndani presha inakuwa ya ajabu na ubaridi haupatikani. Ikishavuta, izimwe, na geji itazamwe robo saa. Mshale ukirudi, bado kuna tundu, na umelijua bila kupoteza gesi hata tone. Kama mfumo ulikaa wazi siku nyingi, kile kichujio cha unyevu kibadilishwe, kikishashiba hakinyonyi tena.

Jambo la pili, mizani. Gesi inapimwa kwa gramu. Chini ya boneti yako kuna kibandiko kinachosema aina ya gesi na uzito wake, na magari madogo mengi yanakula nusu kilo au karibu na hapo. Fundi anayejaza kwa kugusa bomba mpaka "aridhike" anabahatisha. Ikizidi nayo ni balaa. Presha inapanda, ubaridi unapungua, kompresa inalia. Watu wengi wanaopuliziwa moto baada ya kuongezewa gesi wamezidishiwa.

Usikubali pia kusomewa geji injini ikiwa imezimwa ukaambiwa "imejaa hii". Gari likiwa limelala, presha inafuata joto la hewa. Gesi ya R-134a kwenye nyuzi 30 itasoma kama 100 hivi kwenye geji ya pauni, iwe imejaa au imebaki nusu, alimradi bado kuna majimaji ndani. Geji zisomwe injini ikiwaka. Ya buluu ni upande wa chini, kwa kawaida inacheza kati ya 25 na 45. Nyekundu ni upande wa juu, kwa joto letu 200 na kitu, ikikaribia 300 kaa macho. Zote mbili zikiwa chini, gesi haba. Zote zikiwa juu, imezidi, au kondensa haipoi, rudi kwenye feni. Buluu ikiwa juu na nyekundu ikiwa chini, zinakaribiana kama mapacha, hapo kweli kompresa imechoka. Buluu ikizama mpaka chini ya sifuri, vali imeziba. Unaona? Dakika mbili za geji zinatosha kumfanya muongo aone aibu.

Kwa wale wenye magari ya kale hasa, yaliyotengenezwa kabla ya mwaka 1992 au 1993 hivi, kibandiko kinaweza kusema R-12. Gesi hiyo ilikuwa inatoboa tabaka la ozoni, dunia ikakubaliana Montreal mwaka 1987 kuiondoa. Nchi tajiri zilifunga uzalishaji wake mwishoni mwa 1995, nchi zinazoendelea mwaka 2010. Midomo yake ya kujazia ni ya kufunga kwa nyuzi, ya R-134a ni ya kubana haraka. Kuhamia R-134a inawezekana, ila lazima mafuta ya zamani yatolewe na kuwekwa yanayopatana na gesi mpya, oringi na kichujio vibadilishwe. Kuchomeka adapta na kujaza juu kwa juu ni kuua kompresa kwa heshima zote. Hata R-134a yenyewe, tangu makubaliano ya Kigali ya Oktoba 2016, imo kwenye gesi zinazopunguzwa taratibu kwa sababu inachangia kupasha dunia joto. Kwa hiyo kuiachia hewani mara tatu kama walivyofanya kwa binamu si hasara ya mfukoni tu.

Na hili nalisema bila utani. Kuna watu wanajazia magari gesi ya kupikia, au michanganyiko ya jamii hiyo. Inapoza, tena vizuri, ndiyo maana wanajisifia. Lakini mabomba yanapita mbele kabisa ya gari, na kipoozeo kiko ndani mnapokaa. Ukigongwa kidogo mbele, au kipoozeo kikivuja usiku madirisha yamefungwa, cheche moja inatosha. Ukiona mtungi wa jikoni gerejini karibu na AC yako, ondoka hata kama hujapewa chenji. Gesi za viyoyozi vya ukutani, kama R-410A, nazo zina presha kubwa ambayo mabomba ya gari hayakuumbiwa. Na wewe kijana mwenye spana mkononi, usilegeze nati yoyote ya AC ukitaka "kuona kama ina gesi". Inatoka ikiwa baridi ya kuunguza, jicho halina spea.

Kompresa ikiwa imekufa kweli, imesaga na kutapika chengachenga za chuma, mjue kabisa kwamba kufunga nyingine peke yake ni kutupa fedha. Zile chenga zimeshasambaa. Mabomba yaoshwe, kichujio kibadilishwe, na kondensa mara nyingi nayo. Ukinunua iliyotumika, izungushe kwa mkono, isikwarueze. Klachi ijaribu kwa betri ya volti 12, na usichukue iliyokuwa imeachwa midomo wazi kwenye mvua na vumbi.

Na kuna wakati nawaambia watu waache. Kipoozeo cha ndani kimetoboka, dashibodi nzima ishushwe, gari lenyewe thamani yake haifiki mara tatu ya gharama hiyo, na ada ya mtoto inasubiri. Hapo madirisha manne yanatosha, weka bima ya gari na matairi mazuri kwanza. Kwa anayebeba abiria kama binamu hesabu ni nyingine, maana AC kwake ni chombo cha kazi kama usukani.

Ukishapona, itunze. Hata mwezi wa Julai, kukiwa na kijiubaridi, iwashe dakika kumi kila wiki ili mafuta yazunguke na ule mpira wa shafti ya kompresa usikauke. Gari likitoka juani, fungua madirisha kwanza, endesha kidogo joto litoke, ndipo ufunge na kubonyeza kile kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani. Ukitaka kujua hali ya AC yako, nunua kipimajoto cha jikoni, kichomeke kwenye tundu la katikati gari likiwa linatembea. Kikisoma chini ya nyuzi 10, uko bomba. Cha hospitali hakifai, kinaanzia 35, msomaji mmoja alikuwa nacho mkononi juzi nikamnyang'anya.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutamgeukia jirani wa kondensa: rejeta ya maji, na wale wanaoifungua ikiwa inachemka. Andaeni maswali.